Je, Aahidiye Makuu Yasiyokuwapo Bado Ni Mwongo?

Swali tunaloliandikia mwezi huu hatukulitoa vitabuni. Lilitujia kwa mzee mmoja wa milima ya Umatengo, mkulima wa kahawa, mtu wa sala na wa jembe, ambaye jina lake si lazima litajwe. Alifika nyumbani kwetu jioni moja ya mwezi wa pili, mvua ingali ikinyesha na mahindi bado mabichi, ameificha simu ya mwanawe ndani ya koti isilowe, akatuomba tumsomee tangazo lililokuwamo. Tangazo lilisema kwamba imetokea kompyuta mpya, iitwayo kompyuta ya kwanta, ipitayo kompyuta zote zilizokuwako tangu mwanzo. Kwamba yaweza kuzijua bei za masoko ya dunia kabla hazijapanda wala kushuka. Na kwamba mtu akiweka fedha zake huko, baada ya miezi mitatu atazipokea mara tatu.

Mzee akatuuliza, "Mwalimu, chombo hicho kipo kweli?"

Tukamjibu, "Naam, baba, kipo. Wataalamu wa Marekani, wa Uchina na wa Ulaya wanakitengeneza, na kila mwaka wanaendelea mbele." Tukaongeza na maneno mawili matatu ya elimu, maana mwalimu akiulizwa jambo analolijua kidogo hupenda lionekane kubwa. Mzee akashukuru, akaaga, akateremka na njia yake. Sisi tukarudi kusahihisha madaftari, na kwa kweli tuliridhika na jibu letu.

Wenyeji wa Mbinga wajua maana ya magoma. Kwa ajili ya wasomaji wa mbali twaeleza. Mkulima aliyeshikwa na shida kabla ya mavuno humwendea mwenye fedha, akapewa kiasi kidogo, naye huahidi kulipa kahawa itakapoiva, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya msimu. Kahawa ingali kijani mtini, bali imekwisha kuwa ya mtu mwingine. Basi mzee wetu alichukua magoma, akazituma fedha kwa njia ya simu. Hazikupita wiki nyingi wale watu wakatoweka, wala namba zao hazikuita tena. Mwezi wa saba mwenye magoma alifika na mizani yake, akapimiwa kahawa ya maganda mpaka kilo ya mwisho. Na mjukuu wa mzee, aliyetazamia kwenda shule ya bweni, akabaki nyumbani.

Juu ya wale waliozichukua fedha hatuna la kuuliza. Ni wezi, na amri ya Mungu juu ya wezi haihitaji insha. Tunalouliza lawahusu watu wengine, tena watu wenye heshima. Maana mwizi hakulibuni yeye neno la kwanta. Alilikuta limekwisha kutangazwa na makampuni makubwa na magazeti makubwa, pamoja na sifa zilizozidi kazi iliyokwisha kufanyika. Yeye alikata tu kipande cha kitambaa hicho akajishonea vazi. Basi twauliza: mtu mwaminifu, mwenye elimu ya kweli, akikiahidia chombo chake mambo makuu ambayo bado hakiyawezi, naye huku aamini moyoni kwamba yatakuwa, je, huyo ni mwongo? Na kama si mwongo, anadaiwa nini na wale walioisikia ahadi yake?

Yafaa kwanza tukitendee haki chombo chenyewe. Kompyuta tulizozizoea, hata ile iliyomo katika simu, hufanya hesabu zake zote kwa alama mbili, 0 na 1. Na kila mahali padogo panaposhika alama, paitwapo biti, ama pana 0 ama pana 1. Katika kompyuta ya kwanta hutumiwa vitu vidogo mno, kama atomu, au nyaya nyembamba za metali zilizopozwa sana, vinavyozifuata zile kanuni za maumbile zilizogunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kila kimoja huitwa kyubiti, nacho chaweza kuwa katika hali ya kuchanganya 0 na 1 mpaka kitakapopimwa. Wengi husema kwamba kwa sababu hiyo chombo huyajaribu majibu yote kwa mara moja na kulichagua lililo sawa. Si kweli, na maneno hayo ni sehemu ya ugonjwa tunaousema. Ukikipima chakupa jibu moja tu. Ustadi wote ni kuipanga kazi hata majibu mabaya yafutane yenyewe kwa yenyewe na jema libaki. Kwa hesabu chache ustadi huo umepatikana. Mwaka 1994 Peter Shor, Mmarekani, alionyesha kwa hoja za hisabati kwamba chombo hicho kikiwa kikubwa cha kutosha kitaweza kuvipata upesi vigawo vya namba kubwa sana, na kwa hiyo kuvunja kufuli za siri zilizokuwa zikitumiwa na mabenki. Kwa hesabu nyingine nyingi njia haijaonekana. Tena kyubiti ni kitu dhaifu: joto kidogo, mtikisiko kidogo, na kazi imeharibika, ndiyo sababu vyombo vingi vya namna hii hutunzwa katika baridi inayokaribia digrii 273 chini ya sifuri.

Mwaka 2001 wataalamu wa kampuni ya IBM na wa Chuo Kikuu cha Stanford walikitumia chombo cha kyubiti 7 kuifanya hesabu ya Shor, wakapata kwamba 15 ni 3 mara 5. Mtoto wa shule ya msingi ataangua kicheko. Asicheke, ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa, kama mtoto mchanga anaposimama mara ya kwanza bila kushikwa. Lakini namba ile, 15, twaomba msomaji aikumbuke atakaposikia tarumbeta.

Na tarumbeta zilipigwa. Oktoba 2019 kampuni ya Google ilitangaza kwamba chombo chake cha kyubiti 53 kimemaliza kwa sekunde 200 hesabu ambayo kompyuta kubwa kupita zote ingeifanya kwa miaka 10,000. IBM wakajibu mara moja kwamba si miaka 10,000 bali ni siku mbili na nusu. Na mwaka 2022 wataalamu wa Uchina waliifanya hesabu ile kwa kompyuta za kawaida kwa saa kadhaa. Hesabu yenyewe ilikuwa imechaguliwa kwa ajili ya shindano, wala haikuwa na kazi kwa mtu yeyote. Desemba 2024 Google wakaleta chombo cha kyubiti 105, na safari hii hatua ilikuwa ya maana, kwa kuwa walionyesha jinsi ya kuyapunguza makosa kadiri kyubiti zinavyoongezwa. Lakini tangazo halikuridhika na hilo, likasema tena habari ya miaka, na mara hii ni miaka ambayo kuiandika yahitaji sifuri 25 nyuma ya 1. Mwezi uliofuata, Januari 2025, Jensen Huang, mkuu wa kampuni ya NVIDIA, alisema kwamba chombo chenye manufaa makubwa huenda kikachukua miaka kama 20. Hisa za makampuni kadhaa ya kwanta zikaanguka kwa theluthi na zaidi siku moja tu! Hebu tazama: hakuna chombo kilichovunjika siku ile, wala hakuna mtaalamu aliyekosea hesabu. Lililovunjika ni tarehe iliyokuwa kichwani mwa watu.

Twapaswa kuwataja na wengine kwa heshima. Mwaka 2018 wataalamu wa Delft, Uholanzi, waliokuwa wakishirikiana na kampuni ya Microsoft, walichapisha katika jarida la Nature ushahidi wa kitu ambacho kingewapatia kyubiti zilizo imara. Mwaka 2021 waliiondoa makala hiyo, wakakiri mbele ya watu wote kwamba hawakuwa waangalifu wa kutosha, wakaomba radhi. Huo ni uungwana. Bali tangazo lilikwenda kwa ngoma, na toba ikaja nyuma kwa miguu. Wengi walioisikia ile ngoma hawajaisikia hii mpaka leo.

Msomaji wa Lituhi au wa Mbamba Bay atasema: mambo haya ya mbali yatuhusu nini, mbali na wezi wa simu? Twamjibu kwamba ziwa lake lenyewe lilikwisha kuahidiwa chombo kipya siku za babu za babu zetu, na habari hiyo yafaa kujulikana kwa urefu kidogo.

Desemba 1857 Daktari David Livingstone alisimama mbele ya wanachuo wa Cambridge, akawaita waje Afrika kufungua njia ya biashara na ya Ukristo. Alikuwa ameivuka nchi kwa miguu toka magharibi hata mashariki, naye alisadiki kwamba mto Zambezi ni barabara ambayo merikebu ya moshi itaipanda mpaka ndani ya bara. Merikebu ya moshi ndiyo iliyokuwa kwanta ya siku zile. Mwaka 1858 akaja na Ma Robert, iliyoitwa kwa jina walilompa Waafrika mkewe, mama wa Robert, kwa desturi ile ile tuliyo nayo sisi. Iliundwa kwa mabamba membamba ya chuma cha pua, jambo jipya wakati ule, lililosifiwa kwa wepesi wake. Mabamba yakatoboka kwa kutu. Tanuri ikala kuni hata watu wakachoka kukata. Mitumbwi ya wenyeji ikaipita mtoni, na mabaharia wakaipa jina la mgonjwa wa pumu. Desemba 1860 ikazama. Na mto wenyewe, mwezi wa Novemba 1858, ulionekana umefungwa na maporomoko ya Kebrabasa. Daktari hakuyaona alipopita mwaka 1856, maana aliikata kona ile kwa njia ya nchi kavu. Ahadi yote ya barabara ya maji ilisimama juu ya kipande cha mto ambacho mwenye kuahidi hakukitazama.

Hakukata tamaa. Septemba 1859 alilifikia ziwa letu kwa kuufuata mto Shire, akaagiza merikebu nyingine, Lady Nyassa, ichukuliwe vipande vipande, ipitishwe kando ya maporomoko ya Shire, iungwe na kuelea katika ziwa hili, izuie biashara ya watumwa. Safari hii alitoa fedha zake mwenyewe, pauni 6,000, sehemu kubwa ya alichokipata kwa kitabu chake. Merikebu iliungwa mtoni, lakini haikupita maporomoko. Aprili 1862 mkewe, yule Ma Robert, alikufa kwa homa huko Shupanga. Mwaka 1864 Daktari aliivusha merikebu yeye mwenyewe toka Unguja mpaka Bombay, baadaye akaiuza kwa pauni 2,300, na fedha hizo nazo zikapotea benki ilipofilisika. Hivyo chombo kilichopewa jina la Nyasa hakikuliona Nyasa kamwe.

Lakini wako na wengine waliolipa. Maneno ya Cambridge yaliwaingia watu moyoni, ikazaliwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iitwayo UMCA. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walifika, wakakaa Magomero, katika nyanda za Shire. Waliahidiwa nchi yenye afya na njia ya maji iliyo wazi. Januari 1862 Askofu alikufa kwa homa, na wengine wakamfuata, na waliobaki wakaondoka. Kazi ikahamia Unguja. Hatuwezi kuyasoma mambo haya tukamwita Livingstone mwongo. Wala hatuwezi kusema kwamba ahadi yake haikumwua mtu.

Mtakatifu Agostino, aliyeandika vitabu viwili juu ya uongo, alifundisha kwamba mwongo ni yule anenaye akiwa na nia ya kudanganya. Kwa kipimo hicho Livingstone ametoka salama, na wengi wa wataalamu wa kwanta wametoka salama. Wao wenyewe ndio wa kwanza kuyaamini wayasemayo. Sisi twaona kipimo ni cha kweli, lakini hakitoshi kwa swali letu. Mtu aweza kuwa na ulimi safi na mizani mbovu. Anachokitumaini hukipima kwa jiwe lile lile analopimia anachokijua, halafu humpa msikiaji jumla bila kumwambia ni kilo ngapi za hiki na ngapi za kile. Msikiaji naye, kwa kuwa hana chombo cha kupimia, huichukua yote kuwa maarifa. Kosa li hapo kwenye mizani, na mwenye mizani hana ruhusa ya kusema, "Nilidhani ni sawa." Duka letu lolote la kijijini halitakubali udhuru huo.

Na kosa huwa zito zaidi pale ambapo mwenye kuahidi hatalipa yeye. Miaka ya 1940 nchi yetu yote ilishuhudia. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliiambia serikali ya Uingereza kwamba karanga nyingi zaweza kulimwa Tanganyika kwa mashine, ili Waingereza, waliokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, wapate. Watu watatu walitumwa kukagua. Walikagua nchi yenye ukubwa huo wote kwa majuma tisa, na sehemu nyingi waliitazama kutoka katika ndege. Mwaka 1947 serikali ikatangaza ekari 3,210,000, sehemu kubwa katika Kongwa, Urambo na Jimbo la Kusini, yaani jimbo lililotushika na sisi wa Ruvuma siku zile, na tani 600,000 za karanga kwa mwaka. Yalisifiwa matrekta, mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Mwaka wa kwanza walikusudia kupanda ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mibuyu ilishindana na minyororo, udongo wa Kongwa ulikuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi, na mvua zilikatika, jambo ambalo Mgogo yeyote angalilisema bila malipo kama angaliulizwa. Januari 1951 kazi ile iliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwisha. Livingstone alipoteza fedha zake na mke wake. Hawa walipoteza kodi za watu wa Uingereza na malisho ya Wagogo, kisha wakarudi kwao.

Mwalimu mwenzetu, tuliposomeana haya jioni moja, alitupinga kwa nguvu, na ni haki apewe nafasi. Alisema, "Ndugu yangu, unakata tawi ulilolikalia. Bila maneno makubwa ya Cambridge isingalikuwako UMCA, wala kanisa la Liuli, wala wewe usingalijua kusoma. Ahadi ya Livingstone ilishindwa, bali ndiyo iliyotuzaa. Hata karanga ziliacha bandari ya Mtwara, na leo makaa ya mawe yetu ya Ngaka yanateremkia wapi? Mtu akisema tu yale anayoyajua hakika, hakuna atakayeinuka kitini."

Tulilala na neno hilo. Halikuondoka upesi, wala hatutasema kwamba tumelishinda lote. Ni kweli kwamba reli ya Nachingwea ilifungwa mapema katika miaka ya 1960 na bandari ikabaki. Ni kweli kwamba sisi ni watoto wa ahadi iliyovunjika. Lakini tulipozitazama tena habari za ziwa tuliona jambo ambalo mwenzetu aliliruka. Merikebu ya kwanza ya moshi iliyoelea Nyasa ni Ilala, ya misheni ya Waskoti, Oktoba 1875. Aliyeileta, E. D. Young, alikuwa amefanya kazi na Livingstone na kuyaona maporomoko kwa macho yake. Basi Ilala iliundwa tangu Uingereza ivunjike katika vipande vya kuchukuliwa na watu, na mamia ya wapagazi wakaichukua kandokando ya Shire. Baadaye UMCA walipoileta Chauncy Maples, merikebu iliyokusudiwa iwe pia shule na mahali pa kutibia wagonjwa, ililetwa vipande vipande kwa maelfu. Tanuri lake la uzito wa tani 11 lilivutwa na Wangoni 450 nchi kavu, na mwaka 1901 likaelea. Kilichoifikisha merikebu ziwani ni mtu aliyeyahesabu maporomoko na kuyataja. Kumbe kuyataja maporomoko hakukumkalisha mtu kitini! Waskoti walitoa fedha, Wangoni walitoa mabega, na wote walijua ni mzigo gani wanaouinua. Bwana wetu naye, aliposimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, hakusema asijenge. Alisema aketi kwanza ahesabu.

Kwa hiyo twamwambia mwenzetu: tumaini lisemwe, tena lisemwe kwa sauti, lakini lisemwe kwa jina lake. Mtaalamu asemaye, "Tumegawanya 15, twatumaini siku moja kuigawanya namba ya tarakimu mamia, na kati ya hapo na hapo pana maporomoko haya na haya," huyo aweza kuomba fedha kwa dhamiri njema, na wenye fedha za kupoteza watampa. Wako wasemao hivyo, tena ni wengi kuliko tunavyodhani. Sauti yao haivuki maji tu.

Hapa ndipo linapotuuma. Linganisha ahadi mbili. Mzee wetu aliahidi kahawa ya Julai angali katika Februari. Ahadi yake iliandikwa daftarini, ikashuhudiwa, na siku ilipofika mizani ilisimamishwa uani kwake. Hakuna aliyemwambia kwamba kuahidi ni njia ya kuwatia watu moyo. Makampuni makubwa yameahidi kwa mwaka fulani, mwaka umefika na kupita, nayo yametaja mwaka mwingine na kupewa fedha nyingine. Ahadi ya maskini ni deni, na ahadi ya mkubwa huitwa maono. Hatusemi kwamba mzee asingelipa magoma yake. Alilipa, na kwa kulipa kwake twamheshimu. Twasema kwamba kama neno la mkulima hupimwa kilo kwa kilo, na neno la mwenye maabara lipimwe vivyo hivyo, angalau kwa kuulizwa: ulisema nini mwaka ule, na leo ni nini kilichopo?

Milima yetu haikuzoea maneno mengi juu ya vyombo. Wamatengo huchimba ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mtelemkoni kama sega la nyuki: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa miraba, udongo wa katikati hufukuliwa na kufunika nyasi, na maji ya mvua hukaa shimoni yasikimbie na rutuba. Maharagwe hutangulia, mahindi hufuata msimu ujao. Hakuna aliyeyatangaza, na wataalamu wa kutoka Japani wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine walikuja miaka ya 1990 kujifunza. Mama wa Kimatengo akiletewa mbegu mpya haikatai wala haipigii vigelegele. Huiweka katika matuta machache ya pembeni, akaitazama mwaka mzima. Akiulizwa na jirani, hujibu ameona nini, basi. Kwa mbegu tumebaki na busara hiyo. Kwa mambo ya simu hatuna bado matuta ya pembeni. Mtu huweka shamba zima siku ya kwanza.

Imebaki sehemu yetu sisi, na tungependa kuiruka kama ingaliwezekana. "Naam, baba, kipo." Kila neno katika jibu hilo lilikuwa kweli. Mzee aliuliza juu ya chombo, sisi tukajibu juu ya chombo. Lakini alikuwa ameshika simu yenye tangazo la fedha, na mwalimu asiyeona mkono wa mtu umeshika nini amejibu nusu ya swali. Tulikijua kidogo, tukakisema kama wakijuao sana, kwa sababu ilipendeza kuulizwa. Wale wa Marekani walilitia tumaini lao mapambo mbele ya wenye fedha; sisi tulilitia mapambo mbele ya mkulima mmoja mlangoni petu, na mhuri wa ualimu tukaupiga juu yake. Tulimwendea baadaye tukamwambia hayo. Alitusikiliza, akasema kwamba hata yeye hakutaka kuuliza zaidi, kwa kuwa aliogopa jibu.

Majuma mawili yaliyopita amerudi, na safari hii si peke yake, amekuja na yule mjukuu. Wamesikia kwamba pana mafunzo ya kompyuta mjini, ya miezi sita, na karo yake ni sawa na sehemu kubwa ya kahawa ya mwaka huu. Mzee alitaka kujua kama na hayo ni kama yale. Tulianza kwa kumwuliza ni nani anayefundisha, na wangapi waliomaliza huko, na sasa wanafanya nini. Mengine kijana aliyajua, mengine ameahidi kwenda kuyauliza. Tuliyoyajua sisi tuliyasema, na tunayoyatumaini tu tuliyasema mbalimbali na hayo, na palipokuwa hatujui tulisema hatujui. Kijana alikuwa akiandika katika daftari. Mzee hakuamua usiku ule, wala sisi hatukumhimiza.